Mashine ya Taa na Sauti ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, na daktari alishamwambia mke wangu wazi kwamba baada ya upasuaji sauti ya mama huenda isirudi ilivyokuwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mke wangu, aliyekuwa na mimba yetu ya kwanza, aliniomba jambo moja tu: nimrekodi mama yake akiimba zile nyimbo za kubembelezea watoto alizomlea nazo kule Ndera, ili mtoto wetu naye azisikie.

"Si wewe ndiye fundi wa sauti?" aliniuliza, nusu utani.

Mwaka huo wa tisini na mbili nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Kigali, lakini ungeniuliza kazi yangu ningekwambia narekodi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu, mtaa wa Nyamirambo, kilikuwa na deki ya kaseti, maikrofoni moja na blanketi zito dirishani. Kilichokosekana ni kile kisanduku kinachokaa katikati ya maikrofoni na deki, cha kuipa sauti nguvu kabla haijaingia kwenye kaseti. Tulikiita preampli, kwa Kifaransa.

Visanduku ambavyo mtu wa mshahara wangu angeweza kununua vilikuwa viwili, na bei zake zilikaribiana. Kimoja kilikuwa kwa fundi wa redio wa mtaani kwetu, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura: kidogo, cha kijivu, kinatumia betri, hakina lolote la kutazama. Cha pili kilikuwa mtaa wa Kiyovu, kwa Mzungu aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Hicho kilikuwa na taa mbili za kioo ndani yake, za aina ya redio za zamani, na ukikiwasha zinaiva taratibu hadi rangi ya chungwa. Nilikipenda kabla sijakisikia.

Nilimchukua fundi twende Kiyovu akakipime. Alikiwasha, akasikiliza kwa sikio moja, akanivuta pembeni.

"Bwana, hii ya malampe iko tamu sana kama muntu anaimba karibu, mudomo hapa hapa. Akikaa mbali utaongeza nguvu, na ukiongeza nguvu itavuma. Ile yangu ya betri iko kavu kidogo, lakini inanyamaza. Huyo muntu wako atakaribia?"

Nikamwambia atakaribia. Moyoni niliona anapigia debe cha kwake. Na tuseme ukweli, nilishaanza kuwaona wageni wakiingia chumbani kwangu na kushangaa zile taa. Nikanunua cha Mzungu.

Sasa, mimi nilikuwa nimeoa. Nilijua vizuri kwamba mama mkwe humkaribii. Hukai naye mkeka mmoja, humpiti ukamgusa, humtazami mdomoni. Nilijua, ila siku ile Kiyovu nilikuwa nafikiria taa.

Alikuja Jumamosi mchana. Alinisalimu akiwa mlangoni, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, akanigeuzia bega, akatoa kikapu alichokuwa akisuka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba na mashine yangu, na waya wa maikrofoni ulifika nusu ya njia. Ningesogeza meza, ningemwendea mama wa watu hadi magotini. Kumwambia "sogea, Mama" sikuweza. Tungekufa kwa aibu wote wawili.

Mke wangu aliona mara moja. "Toka wewe," akaninong'oneza. "Nionyeshe tu pa kubonyeza. Nitasogeza meza, nikae naye, nimshikie maikrofoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa, na ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nikamjibu, tena kwa sauti ambayo mama yake aliisikia: "Hii si redio ya jikoni. Utaniunguzia taa."

Alikwenda kukaa chini kando ya mama yake, mkono juu ya tumbo.

Mimi nikainamia maikrofoni na kufungua kipindi. Ndiyo, kipindi, kama mtangazaji: leo hii, nyumbani hapa, tunaye mama yetu mpendwa, na kadhalika. Kisha nikazungusha nguvu hadi mwisho na kumpa ishara. Aliimba nyimbo nne kwa sauti ya kumlaza mtoto, isiyokusudiwa kuvuka ukuta. Mshale wa deki ulicheza, nami nikaitikia kwa kichwa, nimeridhika.

Walipotoka kwenda stendi niliirudisha kaseti. Mvumo ulijaa chumba kizima. Ndani yake, mbali, palikuwa na mwanamke. Neno hata moja sikulishika. Jogoo wa jirani alisikika kuliko yeye.

Mke wangu aliporudi aliniuliza imetokaje. Nikasema, "Vizuri. Bado naisafisha." Hapakuwa na cha kusafisha. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kile kisanduku cha betri kingefanya kazi hata Ndera, nyumbani kwake, na mke wangu akishika maikrofoni. Ningehitaji tu kwenda kwa fundi na kusema nilikosea. Nilipita mbele ya kibanda chake kila asubuhi kwenda kazini, na kila asubuhi nilipungia mkono na kupita. Nikikumbuka siku hizo tisa, hadi leo natamani kujificha.

Upasuaji ulikwenda salama. Sauti haikurudi, ulibaki mnong'ono. Alipokuja kumwona mjukuu, mke wangu alimweka mtoto mapajani mwake akaniambia nilete kaseti.

Niliiweka. Ikatoka sauti yangu kwanza, nene, ya joto, kila neno limekaa mahali pake. Kisha mvumo. Mke wangu alingoja, akasogea kwenye spika, akangoja tena, halafu akanitazama, na hakuwa na haja ya kuuliza. Mama mkwe alisikiliza nyimbo zote nne hadi mwisho, kitambaa shingoni, akimpigapiga mtoto mgongoni. Kaseti ilipokwisha alitafuta Kiswahili chake kidogo, kwa ajili yangu mtu wa Kiswahili, na akanong'ona akitazama sakafu:

"Mukwe wangu, sauti yako iko muzuri sana."

Nikasema, "Asante, Mama."