Maiti wa Jukwaani, Temeke

Nilikuwa mwalimu Temeke, enzi za Mwingereza, nilipopata wazimu wa kugeuza mchezo wa kale wa Wayunani uwe wa Kiswahili. Mfalme anapiga marufuku kumzika kijana aliyeasi. Dada yake anamzika hivyo hivyo, naye anahukumiwa kufa. Niliwavisha wahusika kanzu na kanga, nikadhani kazi imekwisha.

Ikabidi kwanza Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, aupitishe. "Mfalme asivae kofia ya Kizungu," akasema. Nikamwambia havai. "Wala asitaje serikali." Nikalifuta neno hilo kila mahali, mpaka maneno mengine yakakosa maana.

Halafu mfalme mwenyewe. Alikuwa karani wa boma, mtu wa bara, na kila mazoezi aliniomba nipunguze ukatili. "Mwalimu, mie nina familia. Watu wataninunia sokoni." Binti aliyeigiza dada alikuwa mwenyeji wa pale pale, na baba yake alimruhusu kwa sharti moja: asife jukwaani, maana ni uchuro. Mchezo wa msiba, na kufa hakuruhusiwi.

Siku yenyewe, alasiri, ukumbi ulijaa, Bwana Shauri kaketi mbele. Karani akatoa amri yake kama anayeomba radhi. Binti akashika jeneza, alimolala fundi cherehani wa mtaani kwetu akiigiza maiti, akalia: "Hakuna wa kunisaidia kumzika ndugu yangu?"

Lilikuwa swali la mchezo tu. Mzee mmoja akavua viatu, akapanda. "Maiti haachwi, mwanangu," akamwambia. Wakapanda wengine. Wakaliinua jeneza, wakatoka nalo wakipokezana mabega na kuleta shahada. Niliwafuata nikiwaambia bado kuna sehemu mbili. Hakuna aliyegeuka. Walisimama kisimani, baada ya maiti kuomba maji.

Niliporudi ukumbini, karani alikuwa bado anatoa vitisho, na wanawake waliobaki wanalia, hawamsikilizi. Bwana Shauri akaniuliza nani aliyewaamuru wale watu watoke.

"Mimi nimewaamuru wakae," nikamjibu, na hasira yangu ilikuwa ya kweli.

Jumatatu kibali kikafutwa. Sokoni hakuna aliyemnunia karani. Walimpa pole kwa kuachwa peke yake. Baba wa binti akanitumia samaki kwa kutimiza ahadi, wakati sikuwa nimetimiza chochote. Zile sehemu mbili hazijachezwa mpaka leo, na ndizo nilizozihangaikia kuliko zote.