Vigae vya Bondeni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na sakafu. Kila kitabu cha ukarabati nilichoazima maktaba kilisema sakafu hufanywa mwisho: dari kwanza, kuta zifuate, ndipo uje chini, ili rangi ikidondoka isidondokee kazi iliyokwisha. Vitabu hivyo nilivisoma, vingine mara mbili, na bado nikaanza na sakafu. Sababu ilikuwa mama yangu.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumenunua nyumba Mesquite, kando ya Dallas, katika mwaka wa pili wa ndoa yetu. Ilikuwa nyumba ya matofali ya miaka ya sabini, mwendo mfupi kwa gari kutoka ghala nilikofanya kazi. Upande ule wa Texas nyumba hazichimbiwi chumba chini ya ardhi. Udongo huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa joto, hauaminiki. Lakini aliyeijenga nyumba yetu nadhani alitamani kitu cha namna hiyo, maana aliishusha sebule ya nyuma vidato viwili chini ya vyumba vingine. Ilikuwa na kuta za mbao nyeusi, zulia la kahawia lenye manyoya marefu kama ya mbwa, na harufu ya sigara za watu tusiowajua. Mke wangu, aliyekulia Mombasa kama mimi, aliteremka vile vidato siku ya kwanza akasema, "Haya, tumefika Bondeni." Jina la mtaa wa kwetu likakaa.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na Mama alibaki peke yake Mombasa. Kila Jumapili nilimpigia simu kumwomba aje akae nasi, na kila Jumapili alikuwa na swali. Nani atamwagilia mirehani yake? Hiyo baridi ni ya namna gani? Siku moja akauliza lile ambalo niliona ndilo lenyewe: "Sasa mimi huko nitakaa wapi, mwanangu? Juu ya makochi siku kutwa, kama mgeni?"

Nikamwambia, "Nakutengenezea mahali pako, Mama. Pa kukaa na pa kusali."

Tangu neno hilo linitoke sikupata raha. Mimi ni mtu ambaye vikombe vikiwa kabatini, vishikio vyake vyote lazima vitazame upande mmoja. Niliona kwamba chumba hicho kikiwa na kasoro hata moja, Mama ataiona, na akiiona atarudi kwao. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la werevu mkubwa. Kwetu Mombasa kibla kiko kaskazini, na hakuna nyumba isiyojua. Huku mtu huzunguka chumbani na dira mkononi kama aliyepotea. Nitavipanga vigae vya sakafu ili mistari yake yenyewe ielekee Makka, Mama asihitaji kumuuliza mtu.

Nikafungua atlasi, nikaweka rula kutoka Dallas mpaka Makka, nikapiga mstari, nikapima pembe. Nikapima tena kesho yake. Jibu lilikuwa lile lile: mashariki, na kusini kidogo.

Shida ni kwamba ukuta wa mbele wa Bondeni ulielekea mashariki sawasawa. Kwa hiyo mistari yangu haikwenda sambamba na kuta, wala haikuzikata kwa mshazari wa kupendeza. Ilipinda kidogo tu, kiasi cha kumfanya mtu asimame afikiche macho. Rafiki yangu wa ghalani, Mkenya wa Nakuru, alikuja kuniazima ngazi akasimama mlangoni.

"Buda, hii floor imeenda side ama ni mimi?"

"Inaelekea kibla."

"Ah, basi Mungu asifiwe. Nilidhani ni macho, nikaanza kuhesabu bili ya daktari."

Kazi hiyo niliifanya siku zangu za mapumziko, kipande kwa kipande, kuanzia joto la Agosti mpaka majani yakaanza kuanguka. Kila kigae cha pembeni kilibidi kikatwe kwa umbo lake peke yake, maana hakuna viwili vilivyofanana. Sikutaka mtu aguse. Siku moja mke wangu aliporudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwahudumia, aliteremka akachukua mwiko akabandika vigae vitatu. Nilingoja aende kuoga, nikavibandua nikavibandika upya. Aliporudi aliona. Tangu siku hiyo hakuteremka tena na mwiko.

Mama alifika Novemba, kabla ya Ramadhani. Alivishuka vidato vile akiwa ameshika bega langu, akatazama kuta nyeusi, dari yenye madoa, na vigae vyangu vyeupe vinavyong'aa katikati ya giza lile.

"Pazuri," alisema, na neno lilitoka upesi, kama lile tunalomwambia mwenye nyumba tuliyemzuru mara ya kwanza.

"Kuta bado, Mama. Nitazifanya."

"Lini?"

"Nikishamaliza kupima."

Nilimwonyesha mistari. "Huna haja ya kuuliza kibla. Fuata mstari tu."

Hilo lilimfurahisha kweli. Aliutandika mswala wake, ukingo wa mswala juu ya ukingo wa vigae, akaninong'onea dua. Ramadhani nzima alisali pale. Lakini akimaliza tu aliukunja mswala akapanda juu, akaketi jikoni kwenye kiti kirefu kisichokuwa na mgongo, koti mwilini, akitazama magari yanayopita. Nilimnunulia mto wa kuketia akaushukuru, akauweka kitandani kwake. Wiki ya mwisho ya mfungo akamwambia mke wangu, mimi nikisikia, "Idi ikipita nitarudi. Nilikuja kuwaona, nimewaona."

Nilijifariji kwamba angalau sakafu anaitumia.

Msikiti wetu wakati huo ulikuwa duka la kupangisha lisilo na dirisha, jirani na dobi. Zamu yangu iliangukia Ijumaa, kwa hiyo niliwahi kuingia mara chache, na kila nilipoingia nilifuata safu bila kufikiri tumeelekea wapi. Siku ya Idi watu walikuwa wengi tukasali nje, kwenye uwanja wa kuegeshea magari, juu ya mazulia na maturubai. Baridi ilikuwa kali. Niliporukuu nikahisi joto kwenye sikio langu la kulia. Lilikuwa jua, limepanda tu juu ya paa la duka la samani. Joto lile lilikuwa tamu, nikalifurahia kidogo, kisha nikashtuka. Bondeni, asubuhi za baridi kama ile, nikisimama juu ya mistari yangu, jua la dirishani lilinipiga machoni.

Hotuba ya Idi siijui mpaka leo. Ilipokwisha nilimuuliza bwana aliyekuwa kando yangu. Alinieleza kwa upole kwamba ramani ni karatasi lakini dunia ni mviringo, na njia fupi ya kwenda Makka kutoka hapa hupandia kaskazini kwanza, kama ndege za Ulaya. Kibla chetu kilikuwa kaskazini mashariki. "Wengi tulipokuja tulielekea kulekule kwako," alisema, akanipa tende.

Garini Mama alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Kwenye safu ya wanawake alikuwa amekutana na mama mmoja wa Lamu, aliyekuja Dallas kusalimia wanawe na mwenyewe akikaa Missouri City, kule Houston. Walikuwa wamegundua kwamba wana jamaa mmoja. Alisimulia njia nzima. Mimi niliendesha gari nikihesabu moyoni, si vigae, bali sala. Kila sala aliyoisali tangu afike, aliisali akielekea nilikomwambia.

Tulipofika alikula kidogo, akatawadha, akateremka Bondeni kusali adhuhuri. Nilisimama kwenye kidato cha juu nikamtazama akilinganisha ukingo wa mswala na ukingo wa vigae, kwa makini, kama nilivyomfundisha. Akasimama. Akainua mikono.

"Mama, ngoja."

Mikono ilibaki hewani. "Nini?"

"Kibla sicho."

"Kiko wapi?"

Kibla kilikuwa kwenye pembe ya chumba, na kwenye pembe ile nilikuwa nimeweka kabati la televisheni. Mke wangu aliiacha ikiwa imewashwa bila sauti, na wanaume wawili wenye chupi za kung'aa walikuwa wakipigana mieleka. Nikanyoosha kidole.

Mama alitazama kidole, akatazama mieleka. "Kwa hawa?"

Mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu, alishindwa kujizuia akacheka. Mama naye akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Nilimweleza habari ya atlasi na rula na sikio langu na bwana wa kando yangu, maneno yakigongana, na nikamwambia kwamba kesho nitaing'oa sakafu yote. Nilipofika kwenye njia ya ndege aliitikia kwa kichwa. "Kweli. Nilipokuja niliona barafu chini, nikajiuliza, kutoka Mombasa kuja Texas, barafu ya njiani imetoka wapi?"

Kisha akaketi juu ya mswala. "Na zile nilizokwisha kusali?"

Mke wangu alisema tumpigie simu imamu.

"Muacheni mtu ale biriani yake, leo Idi," Mama alisema. Aliupapasa mstari wa vigae kwa kidole, polepole, kutoka ukingo wa mswala mpaka ulipofika mkono wake. "Wewe ulipima kwa kadiri ya ujuzi wako. Na mimi nilikuamini. Mungu hatanidai hilo." Akaniangalia. "Lakini mbona ulipima peke yako? Bwana yule ungemuuliza mapema, angekukatalia?"

Nikasema nilitaka iwe tayari kabla hajafika.

"Tayari," alisema, kana kwamba ni jina la mtu asiyempenda. Akainuka, akaugeuza mswala, ukakaa mshazari juu ya mistari yangu yote, akamwambia mke wangu azime wale wapiganaji, akasali.

Siku zilizofuata nilimwona akikaa juu ya mswala muda mrefu kuliko kawaida yake, hasa alasiri. Huenda alikuwa akizirudia zile sala.

Sikuing'oa sakafu. Alinikataza. "Sakafu ni ya kukaa. Kibla ni cha mswala. Tafuta rangi tupake kuta, hapa ndani kama kaburini." Nilimkumbusha kwamba alisema anarudi Idi ikipita. Akasema hawezi kuondoka akaiacha nyumba ya mwanawe nusu.

Tukaanza upya, safari hii watatu. Niliwabebea mikebe ya rangi, nikabana midomo nisikosoe. Mama alichagua rangi ya maziwa iliyochanganywa na chai, kama alivyoiita. Mke wangu alipaka dari akaidondoshea sakafu, jinsi vitabu vilivyoonya, na tukapiga magoti sote kukwangua matone. Kochi kubwa tulimpa yule rafiki wa Nakuru. Mahali pake Mama alishona magodoro membamba ya kuzunguka ukuta, yenye foronya za kanga. Sehemu ya chini ya ukuta wa mashariki aliipaka mwenyewe, ameketi juu ya ule mto niliomnunulia, na rangi yake iliishia pale mkono wake ulipoishia, mstari wa mawimbi ambao haukufichika hata baada ya mimi kupaka sehemu ya juu ya ukuta. Mara mbili nilichukua brashi niurekebishe. Mara ya pili mke wangu alikuwa amesimama kwenye kidato, mikono kifuani, ananitazama. Niliirudisha brashi mkebeni. Kisha nikamwomba anisamehe kwa vile vigae vitatu, naye akasema alikuwa akijiuliza nitavikumbuka lini.

Mama alikaa mpaka majira ya joto yakaingia. Mchana alikuwa Bondeni, miguu imenyooshwa juu ya godoro, simu sikioni, akimwelezea mama wa Lamu mahali alipo: "Niko kwangu hapa chini."

Nyumba ile tuliiuza miaka kadhaa baadaye tukahamia Missouri City, mji wa yule mama wa Lamu. Aliyeinunua aliuliza kuhusu vigae, nikamwambia nilivibandika mwenyewe. Nyumba ya sasa haina chumba cha chini. Sakafu yake imenyooka na kuta, na mswala wa Mama, ambao huuacha kwetu kila anaporudi Mombasa, umelala mshazari juu yake. Vikombe vyangu bado hutazama upande mmoja. Lakini siku hizi, kabla ya kupima chochote, huwauliza watakaokitumia.