Kasuku wa Katindo

Baba yangu alitaka nisome uhasibu. Sisi ni watu wa Butembo, na yeye ameuza maharagwe Goma tangu kabla sijazaliwa. Mimi nikachagua biolojia. Mwaka wa pili nilijua kutaja kila mfupa wa bawa, lakini sikuwa nimewahi kushika ndege hata mmoja.

Ndipo nikasikia kwamba kuna daktari wa wanyama, mama mmoja wa mtaa wa Katindo, anayetunza kasuku waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo. Nikaenda kubisha hodi.

"Unatafuta kushika kasuku?" akaniuliza.

"Ndiyo, Dokta."

"Basi anza na fagio."

Nilifagia miezi mitatu. Nilikata mapapai, nikaosha mabakuli, nikang'atwa kidole mpaka mfupani. Jioni niliandika kwenye daftari: nani amekula, nani amefukuzwa na wenzake, nani amelala kwenye kijiti cha juu. Hakuna aliyenituma kuandika. Niliona tu kwamba nikiandika, naona zaidi.

Mmoja wao aliletwa na mabaki ya ulimbo wa mtego yamemganda kifuani na manyoya ya mabawa yamekatwa kwa makasi. Bila shaka alikuwa ameishi nyumbani kwa watu, kwa sababu kila akimwona mtu aliita, "Mama, chai iko wapi?" Dokta alimlaza kwa dawa, akang'oa visiki vya manyoya kimoja kimoja ili mapya yaote. Yakaota. Wenzake walioletwa naye wakaanza kuruka. Yeye akaendelea kutembea chini kama kuku.

"Ule alishazoea watu," Dokta akasema. "Atabakia kutembea tu."

Sikukubali. Siku moja nilijificha nyuma ya magunia ya mahindi, nikatulia kabisa. Kasuku alipoona hakuna mtu, alishika kijiti, akapigapiga mabawa kwa nguvu, yote mawili sawasawa. Bawa lilikuwa zima. Shida ilikuwa sisi: tulimwekea bakuli chini, na kila alipoita tulimjibu.

Nilimwonyesha Dokta daftari langu. Nikamwomba tutundike ngazi, yale matunda ya mchikichi wanayoyapenda, upande wa pili wa banda, juu, na mtu yeyote asimjibu tena. Alisoma kurasa zote akiwa amesimama.

"Nakupa wiki moja," akasema.

Siku ya tatu baba alikuja bila kuniarifu. Alinikuta na mavi ya ndege kwenye bega.

"Mutoto wangu, nilikutuma iniversite juu ya hii?"

"Papa, ngoja kidogo. Angalia ule pale."

Kasuku akamgeukia, akainamisha kichwa. "Mama, chai iko wapi?"

Baba alifungua mdomo.

"Papa, usimujibu!"

Akafunga mdomo. Kasuku akaita tena, mara mbili. Tukanyamaza wote watatu, Dokta akiwa mlangoni. Ndege akapanda kijiti, akatazama zile ngazi nyekundu ng'ambo, akayumba mbele na nyuma, kisha akajitupa. Aliruka vibaya. Aligonga wavu, akaning'inia kwa mguu mmoja, akajivuta juu mpaka akafika, akaanza kula.

"Ameruka!" baba akapiga kelele, mzee mzima, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Ni mutoto wako ndiye aliona," Dokta akamwambia. "Mimi nilikuwa nimekosea."

Njiani kurudi nyumbani baba hakusema neno juu ya uhasibu. Aliniuliza kasuku huishi miaka mingapi, na kwa nini mkia wao ni mwekundu. La pili sikulijua, nikamwambia hivyo.

Baada ya miezi kadhaa kundi zima lilipelekwa kwenye msitu wa mbali, upande wa magharibi. Sikuwapo, lakini Dokta alisimulia kwamba banda la huko lilipofunguliwa hawakungoja. Nilipomaliza masomo aliniandikia barua ya kunipendekeza, nami nikaenda kwenye usaili wa kazi ya hifadhi na daftari zangu nne chini ya kwapa. Walionisaili walizisoma zaidi kuliko walivyosoma diploma.

Leo kazi yangu ni kuhesabu ndege. Gari linatuacha barabarani karibu na kijiji cha Kalengera asubuhi, tunapanda msituni kwa miguu tukiwa na darubini na buti zilizolowa. Mwenzangu ana nguvu kunishinda, ila masikio ni yangu. Sauti ikitoka kwenye majani, yeye husimama na kunitazama, nami namwambia ni nani.