Pampu ya Dizeli na Msafara wa Mzee Hemedi

Muhidini, fundi rewaya wa magari Mtwara mjini, alikuwa na kauli moja aliyoishika kuliko alivyoshika sala zake: waya ni waya. Taa ya gari ikigoma, hakujisumbua kutafuta umeme ulipotakiwa kutoka. Aliuvuta kwenye waya wa jirani, akazungushia utepe mweusi, akajipangusa mikono. Mjini palikuwa na pikapu ambayo waipa zake zilicheza kila ilipopigwa honi, na teksi ambayo redio yake haikuimba mpaka mlango wa nyuma uachwe wazi. Watu walicheka, naye akacheka nao. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu kazi mbovu ikishageuzwa kichekesho, hakuna anayeirekebisha.

Mwaka 2002, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, alifunga pampu ya umeme kwenye lori la Josephu, dereva wa mizigo. Lile lilikuwa Bedford kwa jina tu. Injini ilikuwa ya Isuzu, na tangi la dizeli lilitoka gari jingine, likaning'inizwa chini kabisa huko nyuma, hata pampu ya asili ikashindwa kuvuta mafuta. Kazi ilitaka waya mpya utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi, ufike nyuma kwenye pampu. Josephu aliununua waya huo akamkabidhi. Muhidini aliupima kwa macho, akaona unafaa sana kuanikia nguo uani kwake. Pampu akaipa umeme wa waya wa karibu, kwenye taa za nyuma. Alipojaribu, indiketa ya kulia ilikuwa inawaka. Lori likanguruma. "Tayari," akasema, na hakujaribu tena.

Kabla Josephu hajalitoa lori gereji, habari ikaja kutoka hospitali kwamba Mzee Hemedi, baba yake Muhidini, amefariki.

Mzee Hemedi alikuwa mkulima wa Mahurunga, na maisha yake yote hakuwahi kushika jeneza la mtu. Wenzake wakizika, yeye alikuwa shambani anapalilia mikorosho. Akiulizwa, alijibu kwamba marehemu hatakuja kumsaidia palizi. Kwa hiyo Mzee Abdallah, msemaji wa kijiji, akatuma salamu mjini: "Kaburi tutachimba, maana maiti hana kosa. Kubeba, mtabeba wenyewe."

Jeneza lina ncha nne. Muhidini hakuwa na ndugu wa kiume, na mafundi wenzake kila mmoja alipatwa na dharura. Alibaki yeye na Josephu, Mkristo mwenye maumivu ya kiuno.

"Tutamburuza baba kama gunia la korosho," Muhidini alisema walipokwisha kumpakia marehemu, ameoshwa na kukafiniwa.

"Twende kwanza," Josephu alisema. "Aibu tutaikuta hukohuko."

Hawakufika mbali. Lori lilikohoa, likazima. Josephu alijaribu ufunguo mpaka jasho likamtoka. Mwisho akawasha indiketa ya kulia kuwaonya wanaokuja nyuma, akajaribu tena, na injini ikaitika. Alipoizima indiketa, injini nayo ikafa. Akaiwasha; ikafufuka.

Josephu akageuka polepole. "Fundi."

"Naam."

"Waya wangu uko wapi?"

Muhidini alitazama nje ya dirisha. "Una nguo."

"Una nini?"

"Nguo. Mke wangu amefua."

Josephu alifumba macho kama anayesali. Kisha akaingiza gia, indiketa ikiwaka, wakaondoka.

Sasa kila dereva wa barabara zetu anaijua lugha ya lori. Likiwasha kushoto, linakwambia pita. Likiwasha kulia, linakwambia usithubutu, mbele kuna hatari. Kwenye njia nyembamba ya mchanga iendayo Mahurunga, hakuna aliyethubutu. Landrova ya wanunuzi wa korosho ilisubiri nyuma. Nyuma yake ikasubiri pikapu ya wachuuzi wa samaki, kisha Fuso iliyobeba timu ya makuli wa bandarini, wamevaa jezi tayari kwa mechi ya Kitaya. Walipopita Ziwani, ule ulikuwa msafara.

"We dereva!" nahodha wa timu, Muzamil, alipiga kelele huku vumbi likimwingia mdomoni. "Huko kulia kuna nini? Ikulu?"

"Zima indiketa wapite," Muhidini alinong'ona.

"Nikizima, tunalala hapa na baba yako."

Mahurunga watu walikuwa wamekaa nje ya msikiti, mikono wameikunja, wamedhamiria kutazama. Waliona vumbi, kisha lori, kisha magari yasiyoisha. Mikono ikaanza kukunjuka.

Lori liliposimama, Muzamil aliruka chini amekunja ngumi, timu nzima nyuma yake. Alikwenda hadi ubao wa nyuma akachungulia, ili ajue ni mzigo gani uliowalisha vumbi kiasi kile. Akaona jeneza. Ngumi ikafunguka.

"Inna lillahi," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Mnangoja nini? Leteni mabega."

Namba nne na namba tano walishika mbele, namba tisa na namba kumi nyuma. Wanunuzi wa korosho wakavua kofia za jua, wachuuzi wakanawa magamba ya samaki mikononi. Mtu asidanganyike hapa akadhani uzembe una baraka. Uzembe ni uzembe. Walichokibeba wale vijana ni wajibu wao, na waya haukuwafundisha.

Baada ya sala, imamu aliuliza kama ilivyo desturi: "Mnamshuhudia vipi marehemu?"

Wanakijiji walitazama chini.

"Mtu mwema!" timu iliitika kwa sauti ya uwanjani.

Mzee Abdallah aliinua kichwa. "Ninyi mlimjulia wapi?"

"Njiani, mzee," Muzamil alijibu. "Tumefuatana naye tangu Ziwani."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Abdallah akamgeukia Muhidini. "Na wewe mwanawe?"

Jibu jepesi lilikuwa limeshatolewa. Ilikuwa ni kujiunganisha nalo tu, kama waya wa jirani. Muhidini alifungua mdomo, akaufunga, akaanza upya.

"Hakuwahi kumbeba mtu," alisema. "Mnajua. Namwombea msamaha kwenu."

Kisha Abdallah akavua makubazi, akakunja kanzu, akashuka kaburini mwenyewe kumpokea, na wanakijiji wakasogea kushika ncha za jeneza, wakiwasukuma wageni kwa viwiko. Ni namba sita tu aliyekuwa ameshatangulia chini.

"Mlaze ubavu," Abdallah alimkemea. "Mgeuze huku, kijana. Huko unakomwelekeza si kibla, ni Msumbiji."