Vipimo vya Saa Tisa

Fundi Nurdini wa Mtendeni alitengeneza mizani kwa miaka thelathini na minane, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mizani iliyopita mikononi mwake ilimpunja mtu. Wauza asali kutoka Sikonge walimletea zao, na wenye maduka ya mchele sokoni walimletea pia. Kila msimu wa karanga alifunga mawe yake ya kupimia kwenye kisanduku cha bati, akapanda basi la Nzega mpaka Lusu, akakagua mizani za wakulima kabla wanunuzi hawajafika. Mwaka mmoja mnunuzi alimvuta pembeni akamwomba ailegeze springi ya mizani yake kidogo tu, kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona. Nurdini aliifungua mizani ile yote, akaitia vipandevipande ndani ya kiroba, akamrudishia.

"Kaiunge mwenyewe," alimwambia. "Mimi nikifa nitaulizwa."

Alikuwa mtu wa msikitini tangu utoto. Swala tano, na kila Ramadhani ya maisha yake aliifunga, hata ile aliyougua malaria. Kwa hiyo sukari ilipomwingia akiwa na miaka hamsini na nane, hakulalamikia sindano wala kuachishwa chai ya sukari. Kilichomuuma ni daktari kumwambia asifunge. Mwaka wa kwanza alitii. Alimlisha maskini mmoja kila siku kama dini inavyoelekeza kwa mgonjwa, na jioni alikwenda kukaa barazani na wenzake.

"Fundi, mwaka huu umekuwa kobe?" walimtania, kwa jina wanaloitwa wanaokula mchana wa Ramadhani.

"Kobe mgonjwa," alijibu, na wote wakacheka. Lakini alipopewa tende wakati wa kufuturu aliishika tu mkononi. Alimweleza binti yake baadaye kwamba siku zile alijiona kama mwizi aliyekaribishwa harusini.

Binti yake, Shamimu, ndiye mtoto wake wa pekee. Aliolewa Mpanda, lakini mimba ya kwanza ilipokuwa kubwa alirudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi. Mama yake, Bi Mwamvita, alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nyumba ikawa ya watu watatu: mzee, Shamimu, na mtoto mchanga wa kike aliyepewa jina la Najiat.

Wiki chache kabla ya mwezi mtukufu wa mwaka uliofuata, kliniki ya sukari ilitangaza kwamba watafiti kutoka Dar es Salaam wanatafuta wagonjwa sitini walionuia kufunga. Walitaka kujua dawa ipunguzwe kiasi gani ili mwenye sukari afunge bila kudhurika. Kila mmoja angepewa mashine ndogo ya kupimia damu ya kidole. Namba ingekwenda kwenye simu yake, na kutoka hapo ingewafikia watafiti saa ileile. Angepima baada ya daku, saa tisa alasiri, na baada ya futari. Kipimo cha saa tisa ndicho kilichoamua mambo: sukari ikishuka sana mtu afungue palepale na dozi ya kesho ipunguzwe, na asiyetuma kipimo hicho mara mbili aondolewe, arudi kula mchana.

Nurdini alitia saini kama mtu aliyeletewa barua ya kwenda Makka.

Muuguzi aliyewafuatilia, Apolinaria, alikulia jirani na seminari ya Kipalapala na alisomeshwa na masista. Mzee alimpenda tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtawa. Hivi wewe mtu wa Kipalapala ndiye uliyetumwa kuhesabu swaumu zetu?"

"Mimi nahesabu sukari tu, mzee. Thawabu anahesabu Mwenyewe."

"Haya, angalau umefundishwa adabu."

Apolinaria alimwonyesha pia karatasi iliyotiwa saini na masheikh, inayosema kwamba kujitoboa kidole hakubatilishi swaumu. Nurdini aliisoma yote, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Hakubisha. Lakini maalimu aliyemfundisha utotoni, marehemu wa siku nyingi, alimwambia kwamba damu ikitolewa kwa makusudi mchana, swaumu imekwenda. Na Nurdini hakuwa mtu wa kubadilisha neno la mwalimu wake kwa karatasi.

Siku ya kwanza ya mfungo, ilipofika saa tisa, alimwita Shamimu chumbani.

"Nipe kidole."

"Cha nini, baba?"

"Wewe unanyonyesha, hukufunga. Ikitoka damu yako haiharibu kitu."

Shamimu alicheka akidhani ni utani. Kisha akaona mashine imeshawekwa kikaratasi chake cha kupokea damu, na kisindano kiko tayari.

"Lakini wanataka kujua sukari yako, siyo yangu."

"Yangu watapata alfajiri na usiku. Hii ya saa tisa ni ya kuwatuliza wasinikataze."

"Si uongo huo, baba?"

Mzee alikigeuza kisindano mkononi.

"Mwezi ukiisha nitamwita yule mtawa nimwombe radhi kwa mdomo wangu," alisema. "Niache nifunge, mama. Sijui kama mwakani nitakuwepo."

Alipomwita mama, Shamimu alinyoosha mkono. Mashine ikasoma tano nukta nne. Baada ya muda mfupi simu ya mzee ikaita. "Hongera, mzee wangu!" Apolinaria alisema. "Uko vizuri kabisa. Dozi ibaki ileile." Nurdini alimshukuru, akatoka kwenda kuswali alasiri.

Ikawa hivyo kila siku. Shamimu alitumia vidole vya mkono wa kushoto kwa zamu, ili wa kulia ubaki wa kupikia. Tano nukta nane. Tano nukta moja. Sita. Hongera mzee, dozi ibaki ileile.

Kuanzia siku ya nane Shamimu aliona mambo. Alasiri kanzu ya baba yake ilikuwa inalowa jasho mgongoni hata akiwa amekaa kivulini. Mawe madogo ya gramu yalimponyoka mezani. Siku ya kumi na mbili alimfokea mteja mtu mzima kwa jambo la kijinga, yeye ambaye sauti yake majirani hawakuwahi kuisikia. Siku ya kumi na nne alimtazama Najiat akauliza, "Huyu mtoto wa nani?"

"Baba, jipime wewe leo," Shamimu alimsihi. "Mara moja tu. Kama ni dhambi niandikiwe mimi."

"Dhambi haikopeshwi. Ni njaa tu, kwani ulidhani nafunga ili nistarehe?"

Usiku, akishakula, alikuwa mtu mwingine. Alimrusha mjukuu wake mikononi, akasimama tarawehe zote bila kuomba kiti, akarudi akisema hajawahi kuonja Ramadhani tamu kama hii. Namba ya Apolinaria ilikuwemo kwenye simu ya Shamimu. Mara mbili aliitafuta, na mara mbili akaizima simu. Alimwona baba yake anavyofurahi, na hakutaka kuwa yeye wa kumwondolea furaha hiyo.

Siku ya kumi na tisa, saa tisa na dakika nne, kidole cha Shamimu kilitoa tano nukta sita. Karibu na saa kumi na mbili mzee alirudi kutoka dukani akiburuza miguu, midomo imepauka. Alishika fremu ya mlango kama mtu anayepima upana wake. Shamimu alikoroga maji na sukari kwenye kikombe, akamletea mbio.

"Kunywa, baba. Nakuomba."

"Bado saa nzima," alisema, na kusukuma kikombe kwa kiganja kilichokuwa baridi. "Ngoja nijinyooshe. Adhana ikilia niamshe."

Shamimu angeweza kumlazimisha. Angeweza kupiga kelele, majirani wangekuja. Alikuwa na kikombe mkononi na mtoto mgongoni, na mbele yake alikuwa baba yake. Alikiweka kikombe juu ya meza, akakifunika kwa sahani, akaenda kukaanga mihogo.

Adhana ilipolia alimwita. Alimwita mara ya pili akiwa na tende mkononi. Mzee alikuwa anapumua kwa kukoroma, macho nusu wazi, na meno yameumana. Sukari aliyompaka kwenye fizi ilitiririka na mate mpaka kwenye mto. Ndipo Shamimu alipochukua mashine na kwa mara ya kwanza mwezi ule akatoboa kidole cha baba yake, mchana ukiwa umekwisha. Mashine haikutoa namba. Iliandika herufi mbili ambazo wote walielezwa maana yake siku ya kwanza: sukari iko chini kuliko inavyoweza kuhesabika.

Yeye na majirani walimpeleka hospitali kwa bajaji. Alifariki kabla ya swala ya isha. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizikwa Alhamisi, na waliomsindikiza walijaa barabara. Kwenye mkeka wa wanawake Shamimu alisikia neno moja likizunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Kafa na swaumu yake. Ndani ya mwezi mtukufu. Bahati iliyoje! Kila aliyemkumbatia alimwambia hivyo, naye aliitikia amina, huku vidole vyake vya kushoto amevikunja ndani ya kanga.

Jumatatu, mfungo ishirini na nne, Apolinaria alikuja. Idrisa, mdogo wa marehemu, alikuwepo uani akipokea wageni. Muuguzi alitoa pole, akalia kidogo bila kujificha, kisha akafungua daftari.

"Dada, nisaidie jambo moja. Saa tisa na dakika nne mzee alikuwa na tano nukta sita. Jua linazama, mashine inashindwa kuhesabu. Mtu hashuki hivyo. Dar wanasema huenda mashine ni mbovu, nimetumwa niichukue."

"Ichukueni," Idrisa alisema. "Ni mbovu hiyo. Vitu vyenu vya kichina."

Shamimu aliileta. Hakuiachia.

"Ikiwa mbovu, wengine itakuwaje?"

"Wengine tutawaambia waendelee. Maana dozi itakuwa haina kosa. Na mwakani ndiyo itakayopelekwa kwenye kliniki zote."

"Waliobaki ni wangapi?"

"Hamsini na tisa."

Idrisa alikuwa amekwisha kuelewa. Ni mtu mzima, na alikuwa amekaa na kaka yake alasiri nyingi za mwezi ule. Alisogea karibu na Shamimu, akashusha sauti.

"Shami, mwanangu. Kaka yangu nimemuosha mimi, kwa mikono hii. Mwenye kuosha maiti hasimulii alichokiona. Watu wamempa dua njema. Mwache alale."

"Baba mdogo, kuna watu wamefunga leo."

"Kila mtu ana siku yake."

"Naye alikuwa na siku yake," Shamimu alisema, "lakini kikombe nilikishika mimi."

Akamgeukia muuguzi.

"Vipimo vya saa tisa vyote ni vyangu."

"Vyako vipi?"

Alifungua mkono wa kushoto. Ncha za vidole vyote zilikuwa na vidoa vyeusi, vingine vimekauka, vingine bado vyekundu. Apolinaria alivitazama, akavihesabu kwa midomo bila sauti, na rangi ikamtoka usoni.

"Mama yangu," alisema. "Na mimi kila siku nikampigia kumpa hongera."

Idrisa aliinuka, akachukua kofia yake juu ya kiti.

"Tumemzika Alhamisi," alimwambia Shamimu, "na leo umemfukua." Akatoka bila kuaga, na hakurudi jioni ile kufuturu, wala kesho yake.

Apolinaria hakuandika kitu kwanza. Alisimama palepale uani, akaanza kupiga simu kwa wagonjwa wake mmoja mmoja, ameiweka kwa sauti kubwa ili Shamimu naye asikie. Hakuwauliza namba. Aliwauliza damu ya saa tisa ni ya nani. Wa kwanza alikasirika. Wa pili aliapa ni yake, na alionekana mkweli. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo.

"Nani kawaambia?" aliuliza.

"Ni ya nani, mama?"

"Ya mkwe wangu. Mjamzito yule, hafungi."

"Leo unajisikiaje?"

"Mwili unatetemeka kidogo. Swaumu hiyo."

"Mama, kanywe maji ya sukari sasa hivi."

"Saa hizi? Jua lote hili?" Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Binti, wewe si Muislamu, huwezi kuyajua haya."

Shamimu alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa fundi Nurdini wa Mtendeni, tuliyemzika Alhamisi."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Tumesikia amekufa na swaumu yake."

"Amekufa kwa damu yangu ya saa tisa, mama. Kunywa."

Upande wa pili walisikia kiti kikisogezwa, na yule mama akimwita mtu kwa Kinyamwezi, mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi. Kisha simu ikakatika. Walisubiri apige. Hakupiga. Apolinaria aliijaribu tena ikaita mpaka ikaisha yenyewe, akamtuma mwenzake aliyekuwa kliniki akimbilie Ng'ambo kwa pikipiki. Halafu akaifuta simu kwa pindo la gauni, akatafuta namba iliyofuata. Zilikuwa zimebaki hamsini na sita.