Merle Direen na Kilo Zisizo Zake

Kilo kumi na mbili ndizo daktari wa mifupa wa Hobart alizomruhusu Merle Direen kubeba mgongoni. Zaidi ya hapo, alimwambia, goti lake la kulia lingefura na safari ingeishia njiani. Mwezi wa Mei alikuwa amepangiwa upasuaji wa kuwekewa goti la bandia, na baada ya hapo hakuna mtu ambaye angemruhusu tena kulala siku sita milimani. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mara mbili alishajaribu kuvuka milima ya kusini-magharibi hadi Ziwa Isobel, na mara zote mbili mvua ilimrudisha. Sasa alibakiwa na Februari moja tu, mwezi wetu wa kiangazi.

Nimekuwa katibu wa klabu yetu ya watembea milimani hapa Geeveston, mji mdogo wa matufaha kusini mwa Hobart, kwa miaka mingi, na sijaona mtu aliyefunga mzigo kwa makini kama Merle. Miaka thelathini na mmoja alipanga matufaha kwenye makasha katika banda la kufungashia, kila tunda mahali pake, lisimgonge jirani wala lisiache pengo. Mikono yake ilizoea hivyo.

Shanta yake ya zamani ilikuwa ya turubai: kilo tatu ikiwa kavu na karibu tano ikilowa. Alijua ni lazima aiache. Alikwenda dukani Hobart, na muuzaji alipoanza kumwonyesha rangi, Merle alimwambia, "Rangi baadaye, mwanangu. Kwanza nipime mgongo." Akapimwa kuanzia ule mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi juu ya nyonga, kwa sababu mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi, na shanta hufuata mgongo. Kisha akataka kila shanta ijazwe mifuko ya mchanga ya kilo kumi na mbili, akapanda na kushuka ngazi za duka nayo. Ya kwanza ilimbana mabega. Ya pili mkanda wake ulikaa tumboni badala ya nyonga. Ya tatu ilikuwa na mifuko midogo kila upande, mahali pa kusahaulia vitu. Alipofika ya nne, muuzaji alikuwa ameshavuta kiti akakaa.

Hiyo ya nne ilikuwa na kilo moja na robo. Uzito wote ulitua kwenye nyonga, na vidole viwili vilipita bila shida chini ya mikanda ya mabega.

"Hii tutaelewana," alisema, akalipa.

Nyumbani alipima kila kitu kwenye mizani ya jikoni. Suruali ya pili ilibaki, kikombe cha pili kilibaki, kitabu kilibaki. Nyama ya kusaga aliikausha ndani ya jiko la umeme mpaka ikawa kama kokoto. Hakupunguza koti la mvua wala sweta la sufu, maana huko theluji inaweza kuanguka hata Februari. Na hakupunguza bomba.

Kule juu, miti inapokwisha, udongo ni mwembamba na hakuna vyoo. Katika klabu yetu, kila mtu hushuka na kinyesi chake, kimefungwa ndani ya mifuko na kutiwa kwenye kipande cha bomba la plastiki chenye kifuniko cha kukaza. Mabomba hayo Merle ndiye aliyekuwa akiwakatia wanachama, bure, akiandika jina la mtu kwa wino usiofutika. Ni kitu kizito kidogo, na si kitu cha kujivunia mbele ya wageni. Lakini ukitaka kujua kama mtu ana adabu, muulize bomba lake liko wapi.

Shanta yake ilipokamilika ilikuwa kilo kumi na nusu.

"Umebakiza kilo moja na nusu," nilimwambia.

"Hiyo ni ya wenzangu," alijibu. "Kuna sufuria, kuna gesi, kuna sanduku la dawa. Vitajibeba?"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu. Kila Alhamisi kabla ya safari huwa tunakutana ukumbini na kutundika shanta kwenye mizani kubwa iliyotoka banda la matufaha. Uzito huandikwa kwa chaki, na mwenye shanta nyepesi kuliko zote hupigiwa makofi. Lakini tunapima vitu vya mtu mwenyewe tu. Vya pamoja hugawanywa siku ya safari, pale tunapoacha magari. Kwa miaka ishirini tumewapigia watu makofi kabla hawajabeba cha mwenzao hata kimoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikishika chaki.

Alhamisi ile wasafiri tulikuwa wanne: Glenys Pybus aliyekuwa kiongozi, Merle, mimi, na Corey Venning. Corey ni fundi wa sola, ana miaka arobaini, na alikuwa na mwaka mmoja tu klabuni. Shanta yake ilikuwa kama mfuko wa mkate. Kilo sita na gramu mia mbili. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

"Nimekata hata mpini wa mswaki," alitangaza.

"Na meno je, yote umebeba?" Merle alimuuliza, watu wakacheka.

"Cheka tu, bibi. Tutaonana mlimani, nitakuwa nakusubiri juu."

Jumamosi asubuhi, pale penye magari, Glenys alitandaza vitu vya pamoja chini na kuanza kugawa. Alipomsogezea Corey mitungi miwili ya gesi na sanduku la dawa, Corey alifungua mdomo wa shanta yake ili sote tuone.

"Natamani, Glenys, lakini vitaingia wapi? Haina nafasi. Halafu mimi sitatumia jiko lenu. Nitaroweka shayiri kwenye maji baridi."

Glenys alitazama saa. Ni mtu asiyependa ugomvi asubuhi. Mimi nilichukua sanduku la dawa juu ya sufuria niliyokuwa nayo. Merle alichukua mitungi miwili juu ya fungu lake. Nilijua kilo zake zilikuwa zimepita kumi na mbili. Sikusema neno, na hilo nalihesabu kuwa kosa langu.

Jioni ya kwanza Corey alikaa akitafuna shayiri yake baridi, huku nyama ya Merle ikichemka.

"Inanukia, jamani."

"Itanukia hata ukiwa mbali," Merle alisema.

"Kijiko kimoja tu, Merle. Nione kama imeiva."

Kijiko hakuwa nacho, maana alikuwa amekipunguza. Alitumia cha Merle, akala nusu ya sufuria, akakirudisha bila kukiosha. Siku ya pili alikula tena, na chai akanywa, kwa gesi ile ile aliyokataa kuibeba.

Usiku huo upepo wa magharibi ulikuja na mvua ya mawe. Corey hakuwa na hema. Alikuwa na kipande cha turubai chembamba kama karatasi ya kufungia soseji, na upepo ulikichukua kabla hata hajapitiwa na usingizi. Alijipenyeza ndani ya hema la Glenys na Merle, hema la watu wawili (langu lilikuwa la mtu mmoja), akalala katikati, amevaa sweta la Merle kwa sababu la kwake aliliacha nyumbani. Merle alilala amekunja goti lisilotakiwa kukunjwa.

Asubuhi turubai lake na mfuko wake wa kulalia vilikuwa vinachuruzika maji.

"Wewe shanta yako ina kamba juu," alimwambia Merle. "Nikufungie hapo vikauke. Yangu haina kamba, walizitoa kupunguza uzito."

"Nani walizitoa?"

"Si waliotengeneza?"

Merle alimtazama Glenys, na Glenys akasema, "Leo tu, Merle. Tukifika juu jua litatoka." Nikasema nibebe mimi, lakini Corey alikuwa ameshafunga fundo. Ndivyo mwanamke wa miaka sitini na mitatu alivyopanda uwanda wa juu na matandiko ya mwanamume wa miaka arobaini juu ya shanta yake, huku mwenye matandiko akitangulia akipiga mluzi, akisimama kila baada ya nusu saa kutupiga picha.

Jioni ya siku ya tatu goti la Merle lilikuwa limejaa kama mkate uliowekwa hamira. Hakulalamika. Alilifunga kitambaa kilicholoweshwa kijitoni na kuhesabu siku kwa vidole: kesho kupanda shingo ya mlima, ule mwanya wa juu kati ya vilele viwili, keshokutwa ziwani, halafu siku moja ya kutoka.

"Mzigo hupungua kila siku kwa kile ulichokula," aliniambia. "Wangu unaongezeka. Hii ni hesabu gani?"

Asubuhi ya siku ya nne alichukua bomba lake na kwenda nyuma ya mwamba. Alirudi haraka mno, bomba mkononi, uso mweupe. Alilisimamisha mbele ya Corey aliyekuwa anakunywa chai.

"Hiki ni nini?"

Corey alitazama chai yake. "Si bomba lako?"

"Bomba langu. Mavi ya nani?"

Bomba lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Mavi hayakuwa hata kwenye mfuko wa kufaa. Yalikuwa yametiwa ndani ya karatasi ya tambi, na karatasi ilikuwa imepasuka, na kila kitu kimechafuka: kifuniko, michirizi ya kukazia, mkono wa Merle. Harufu ile nilikuja kuiosha siku tatu.

"Bomba lako nililokukatia liko wapi?" Merle aliuliza.

"Nyumbani. Merle, lile peke yake ni gramu mia nne! Lako lilikuwa na nafasi, na wewe unashuka nalo hata hivyo. Bomba ni bomba."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Hasa."

Nimeishi na kila aina ya watu, walevi na wagomvi na wenye kusema uongo, lakini sijui kama nimewahi kumchukia mtu kwa moyo wote kama nilivyomchukia Corey wakati ule, amesimama na kikombe cha mtu mwingine, na sweta la mtu mwingine, ameshiba chakula cha mtu mwingine, na hata alichokitoa tumboni amempa mtu mwingine akibebe. Huo ndio wepesi wake. Hakupunguza chochote ila alikihamisha.

Merle alinawa mikono mbali na maji ya kijito, kama inavyotakiwa. Kisha alifungua shanta yake akatoa mitungi, akafungua turubai na mfuko wa kulalia ambavyo Corey alikuwa ameshavifunga tena juu, akavirundika miguuni pa Corey, na bomba juu yake.

"Mimi nabeba vyangu. Goti hili limebaki na mlima mmoja, na mlima huo ni wangu."

"Vibebe, Corey," Glenys alisema. Safari hii hakutazama saa.

Corey alivibeba, vingine shingoni, vingine mkononi, akitukana chini chini. Merle alipanda na kilo zake tisa, fimbo mbili mikononi, hatua moja na pumzi moja. Nilikuwa nyuma yake. Mzigo ule sasa ulikuwa sawasawa kabisa, umekaa kwenye nyonga kama alivyoupima. Lakini siku tatu zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Chini kidogo ya shingo ya mlima, hatua thelathini hivi, goti lilikataa kukunjuka. Alijaribu mara nne. Mara ya tano alikaa juu ya jiwe.

"Basi," alisema. "Nimefika mwisho wangu."

Glenys alisema tutashuka wote kwa njia ya mkato, mwendo wa saa tano hadi barabarani yalipo magari. Tulivyokuja pamoja ndivyo tutakavyorudi pamoja. Hakuna sheria nyingine milimani.

"Sote?" Corey aliuliza. "Mimi nikose ziwa kwa sababu ya goti la mtu?"

"Goti hilo umelivunja wewe," nilimwambia.

"Nimegusa goti la nani mimi?"

Akatua mitungi, akatua bomba, akaviacha pale juu ya jiwe karibu na mguu wa Merle, akakunja turubai lake na mfuko wake wa kulalia, vyote vimekauka, na kuvisokomeza kwenye shanta. Nafasi, kumbe, ilikuwapo. Glenys alimfuata na kumpa kile kifaa chetu kimoja cha kuitia msaada, kwa sababu Glenys hawezi kumwacha mtu aende kufa hata kama ni huyo. Corey alikitia mfukoni bila kushukuru, akavuka shingo ya mlima, na sweta la Merle bado mwilini. Alitoka salama upande wa pili baada ya siku mbili. Siku hizo mbili alijisaidia wapi, hakuna aliyemuuliza. Tunajua.

"Tuliache," nilimwambia Merle, nikilisukuma bomba kwa kiatu.

"Hapa? Mtoto wa watu aje alikute?" Alinyoosha mkono. "Lete."

Sikumpa. Nililibeba mimi, saa tano zote, likininukia kisogoni, na Glenys akabeba gesi na nusu ya mzigo wa Merle. Merle alishuka kwa makalio sehemu zote zenye mteremko mkali, na hakuna mahali tulipomsikia akilia.

Tulipofika penye magari nililimwaga bomba kwenye choo cha maegesho na kutapika kando ya bomba la maji. Merle alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti cha gari, mlango wazi, mguu ameunyoosha mbele. Alingoja nimalize, akanipa maji.

"Yule keshafika ziwani," alisema.

"Labda."

"Wanasema maji yake ni meusi kama chai, na ukiingiza mkono huuoni." Aliutazama mlima, halafu akaugeuzia mgongo ili Glenys amsaidie kuingiza mguu ndani ya gari.