Kahawa ya Darini Yafika Addis Ababa

Sikwenda Addis Ababa kutembea. Nilikwenda kwa ajili ya mibuni, na nalisema hili mapema asije mtu akadhani mjane wa Kilutheri wa milima ya Usambara alishikwa na hamu ya kupanda ndege uzeeni.

Kijiji chetu, juu ya Mlola, kilikuwa katika mwaka wake wa nne wa ujamaa. Mibuni ya shamba la kijiji ilipandwa na marehemu mume wangu pamoja na mdogo wake, Elia, kabla ya Uhuru, nasi tukaitoa iwe mali ya wote bila kinyongo. Lakini misimu mitatu mfululizo kahawa yetu ilikuwa inapewa daraja la chini kabisa. Bwana shamba alikuja, akaangalia majani, akachimbachimba udongo, akasema mibuni imezeeka. Shemeji Elia, mtu asiyeweza hata kungoja chai ipoe, akasimama mkutanoni akasema basi ing'olewe, tupande kabichi. Wengi wakamwunga mkono. Nilihisi kama wanataka kumzika mume wangu mara ya pili, nikawaambia hivyo hivyo.

Siku hizo ofisi ya ushirika ilikuwa inatafuta akina mama wanane kutoka mikoa mbalimbali waende Ethiopia, waone wenyeji wa nchi ile wanavyoishi na kahawa. Kutoka kwetu nikachaguliwa mimi, na sababu yake nilijivunia sana. Kwetu kuna ukungu na manyunyu. Ukianika kahawa nje, inakaa mbichi siku nenda siku rudi mpaka inaota kuvu. Mimi ndiye niliyeanza kuipandisha darini, juu ya jiko, tunapohifadhi mahindi, ikawa inakauka upesi bila mtu kukimbizana na mvua. Wanawake wa kijiji kizima wakaniiga. Nilisifiwa hadharani, na aliyeendelea kuanika nje nilimwita mvivu mbele za watu.

Mwenyekiti wa kijiji akaahirisha shauri la kung'oa hadi nitakaporudi. Elia akaniambia, "Shemeji, ukirudi na jambo la maana tutakusikiliza. Ukirudi na hadithi tu, mashoka yanaingia shambani."

Mombo nilifika saa tatu asubuhi, kichwa kikizunguka kwa kona za barabara ya kuteremka Lushoto. Joto la Mombo halina adabu. Linakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Nikavua sweta na kusubiri basi la Moshi, nimepakata kikapu changu. Ndani mlikuwa na nguo mbili, kitabu cha nyimbo, na mfuko wa kahawa niliyoikoboa kwa kinu na kuichambua punje moja moja. Ilikuwa zawadi kwa wenyeji. Mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Nairobi tulikutana wote wanane, na kesho yake tukapanda ndege. Kuhusu ndege sina mengi, kwani nilifumba macho na kusali tangu ilipoanza kukimbia. Mama mmoja wa Bukoba aliyekaa ubavuni mwangu alinitania kwamba Mungu amechoka kusikia jina langu.

Addis Ababa ilinipokea kwa baridi, nami nikaipenda papo hapo. Hewa ilikuwa kama ya kwetu, nyepesi, na kila kilima kilikuwa na mikaratusi kama ile ya Lushoto. Mvua zilikuwa zimekwisha na kando ya barabara yalichanua maua ya njano tele. Hata wanawake wa kule wanabeba kuni migongoni, wameinama, mzigo umewapita urefu. Nilipowaona nikajua sijafika mbali sana.

Asubuhi ya kwanza alikuja mwongozaji wetu, mwanamke wa makamo aitwaye Almaz. Mumewe alifanya kazi Nairobi miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili alikijua, kile cha Nairobi kinachokimbia bila kuangalia nyuma. "Leo hakuna mkutano," akasema. "Leo ni tumbo. Mtu hajui mji kabla hajakula."

Saa nne alitufikisha katika soko lao kuu. Nimeona masoko, Muheza napajua, kwa machungwa na viungo. Lakini lile ni mji ndani ya mji. Pilipili peke yake ina mtaa wake, na tuliupita tukipiga chafya wote wanane, wauzaji wakicheka. Samli ina mtaa wake, ubani una wake, vyungu vina vyao. Punda wanapita katikati ya watu bila kumgusa mtu. Almaz alitufundisha kutazama: mama mzuri wa nyumbani, alisema, hupeleka pilipili puani kabla ya kuuliza bei, na akinunua samli huichovya ukucha akaulamba. Nilistaajabu jinsi kila kitu pale kinavyonuswa kwanza. Sisi hushika na kubonyeza.

Saa saba tukala. Ilikuwa Jumatano, siku ya mfungo kwao, hakuna nyama. Huleta sinia moja kubwa lililotandikwa mkate mpana, laini, wenye vitundu kama chapati ya maji. Mkate huo huitwa injera. Unga wake ni wa nafaka yenye punje ndogo kuliko ulezi, hukandwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Juu yake wanaweka vilima vya mchuzi: dengu, mbaazi, mboga za majani, kimoja chekundu cha kutoa machozi. Unamega mkate, unachota, unakula. Sahani ni chakula na chakula ni sahani. Mwanzoni uchachu ulinikunja uso. Kufika tonge la tano nilikuwa namsogelea mama wa Bukoba upande wake wa sinia.

Saa tisa Almaz akatuchukua nyumbani kwake, na hapa ndipo safari yangu iliponifikia hasa.

Sakafuni palikuwa pametandazwa majani mabichi. Mama yake, bibi mwenye kichwa cheupe na shuka jeupe, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Nilimwamkia shikamoo kwa kupiga goti, Almaz akamfasiria. Bibi akanishika mashavu yote mawili. Kisha akamega injera, akaviringisha tonge, akalielekeza kinywani mwangu. Nikageuza uso. Kwetu anayelishwa ni mtoto mchanga au mgonjwa aliyekatiwa tamaa, nami nina wajukuu saba.

"Mama Yona, fungua mdomo," Almaz akaninong'oneza. "Kwetu hii ni heshima. Ukikataa, unamwambia humpendi."

Nikafungua. Bibi akanilisha tonge kubwa la kufunga mazungumzo, wenzangu wakanicheka, nami nikaona machozi yananijia. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyenilisha kwa mkono wake.

Basi nikatoa ule mfuko wa kahawa. Niliutoa kwa fahari, nikamwambia Almaz amweleze mama yake kuwa imetoka katika mibuni aliyoipanda mume wangu. Bibi akaupokea kwa mikono miwili, akausogeza kifuani. Akauliza jambo.

"Anauliza nyinyi huinywaje kwenu. Na chumvi ama na sukari?"

"Hatuinywi," nikasema. "Sisi hunywa chai. Kahawa tunapeleka ushirika."

Almaz akafasiri. Bibi aliposikia, akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa nina mtoto ambaye sijawahi kumbeba.

Kwa kunitukuza akaamua kuikaanga kahawa yangu pale pale, badala ya yake. Aliiosha, akaimimina kwenye kikaango cha chuma, akaanza kuitikisa taratibu juu ya mkaa. Punje zilipogeuka rangi na kuanza kupasuka, desturi yao ni mwenyeji kusimama na kikaango, apitishe mbele ya kila mgeni, naye aupunge moshi kuelekea puani na kuusifu. Bibi akaanza na yeye mwenyewe. Nilimwona akivuta pumzi, akasita, akavuta tena. Akaja kwangu, nikavuta, nikasikia harufu ya jikoni kwangu: kuni mbichi, masizi, mahindi ya darini. Nikafurahi kuisikia ugenini. Hayo ndiyo maarifa niliyokuwa nayo.

Akaitwanga, akaipika katika birika jeusi la udongo lenye shingo ndefu, akamimina kwa juu bila kumwaga tone. Kahawa kule hunywewa vikombe vitatu, na mgeni haondoki kabla ya cha tatu, ambacho wanakiita baraka. Kikombe cha kwanza tukazungumza habari za watoto. Cha pili, habari za mvua. Bibi alikunywa kahawa yangu vikombe vyote bila kukunja uso, na mimi nilikunywa kahawa ya mume wangu kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa chungu, na nyuma ya uchungu kulikuwa na ladha kama ya kulamba sufuria lililoungua. Nikadhani kahawa zote ndivyo zilivyo.

Alipokwisha kumimina kikombe cha tatu, bibi akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Almaz akainamisha kichwa.

"Anasema haki ya mgeni ni kusifiwa kikombe cha kwanza na kuambiwa ukweli kikombe cha tatu. Kahawa yako iko na moshi. Anauliza unaanika wapi."

Nikaeleza habari ya dari. Nilieleza kwa majivuno, maana ndiyo iliyonifikisha pale. Almaz akafasiri, na kadiri alivyofasiri ndivyo nilivyoanza kuyasikia maneno yangu mwenyewe. Bibi akainuka, akaleta punje zake mwenyewe zilizokauka juani, akazikaanga kidogo, akanipungia moshi wake. Ulikuwa mtamu, kama asali na ganda la chungwa. Akatwanga, akapika, nikanywa. Hakukuwa na sufuria lililoungua.

"Anasema kahawa ni kama mtoto mchanga," Almaz akaniambia. "Chochote kilichoko chumbani inakinywa. Anasema chini ya huo moshi wako kuna kahawa nzuri sana. Mti hauna makosa."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale aliyeponywa ni mgeni, na dawa ilikuwa chungu. Misimu mitatu. Misimu hiyo hiyo mitatu tangu nilipoanza kuwafundisha wanawake kupandisha kahawa darini. Bwana shamba hakugundua kwa sababu alikagua mibuni. Hakuwahi kuingia jikoni kwa mwanamke.

Siku tatu zilizobaki niliona makanisa ya mviringo, nikaona waumini wakibusu nguzo za mlango, nikala na kusifu kila kitu, na nilisifu kwa moyo. Lakini usingizi ulikuwa haba.

Njia nzima ya kurudi, Nairobi hadi Moshi, Moshi hadi Mombo, nilipanga maneno. Ningeweza kusema Waethiopia wanaanika juani, na sisi tujaribu, basi. Mibuni ingepona na jina langu lingebaki safi. Basi lilipoanza kupanda mlima nilikuwa nimekwisha yapanga vizuri kabisa. Ila nikajiuliza, wanawake wataiachaje dari niliyowafundisha mimi kwa ukali, kama sisemi imetuharibia nini? Mvua ya kwanza tu wangeipandisha tena. Mficha uchi hazai.

Mkutano ulikaa Jumapili baada ya ibada. Nilisimulia soko, pilipili, tonge la bibi. Watu wakacheka, wakasema hongera, mama. Kisha nikaomba kuni, maji na kikaango. Nilikuwa nimepitia kwa Mama Hadija, jirani yangu, mmoja wa wale niliowaita wavivu, aliyebaki kuanika nje kwenye mwamba, akikimbilia kuifunika kila manyunyu yakianza. Nilimwomba radhi mlangoni kwake kabla ya kumwomba bakuli la kahawa. Alinitazama kwa muda mrefu, akanipa mabakuli mawili.

Nikapika ya kwangu ya darini, nikapika ya Mama Hadija. Kila mtu akaonja zote mbili, Mwenyekiti kwanza, kisha Elia, ambaye alinusa kikombe kama anatafuta sumu. Mimi nikabaki nimesimama.

"Hizi zote zimetoka kwenye mibuni ile ile," nikasema. "Tunazichanganya gunia moja, na yenye moshi inaiharibu isiyo na moshi. Moshi huo ni wangu. Dari niliwafundisha mimi, na aliyekataa nikamtukana. Mibuni haikuzeeka. Anayestahili kung'olewa ni mimi, ila nawaomba mniache niwasaidie kujenga vichanja vya kuanikia nje, na zamu ya kufunika mvua ikija nitaanza mimi."

Mama Hadija akakohoa, akasema zamu ya pili ni yake. Mwenyekiti alikuwa bado anainywa ile ya pili.

Elia alinywa kikombe cha kahawa ya mwambani mpaka mwisho, akakitazama ndani. Alikuwa kijana mdogo wakati ule anabeba miche mgongoni kupandisha kilima, nyuma ya kaka yake. Misimu mitatu alikuwa anaambiwa kazi yao ya ujana haina thamani, na sikuwahi kufikiri kwamba hilo lilimuuma yeye pia.

"Kwa hiyo, shemeji," akasema, "kaka alipanda vizuri."

"Mlipanda vizuri," nikamwambia. "Wote wawili."